Ukuta wa Guka Nilioupaka Chokaa

Watu wa nyumbani wanasema nilikosea. Hawajui! Sikukosea. Nilifanya makusudi. Nimeyaandika haya kwenye shajara yangu mara nne na mara nne nikararua, kwa hivyo leo nawaambia ninyi msionijua.

Nina miaka kumi na sita. Nasoma shule moja ya wasichana upande wa Westlands, na kwetu ni Kinoo. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini mdomo unakauka.

Chini ya shamba letu, mtoni, kulikuwa na kinu cha babu yangu, tunayemwita Guka. Si hizi mashine za posho za umeme. Kile kilizungushwa na maji: gurudumu kubwa la mbao nje, mawe mawili ya kusagia ndani. Guka aliwasagia watu mahindi pale tangu ujana wake, na kwenye ukuta wa ndani aliandika kwa makaa kila jambo. Mwaka wa nzige. Siku mto ulipofurika. Nani aliyachonga mawe yalipoisha makali. Ukuta mzima, jamani!

Tangu nikiwa mdogo nilitaka kumwomba anisomee. Sikuwahi. Niliogopa, sijui hata niliogopa nini.

Sasa kuna Manjit. Ni rafiki yangu wa darasani, anakaa Spring Valley, na mdomo wake hauna breki. Siku moja alikuja kwetu, tukashuka kinuni, akamsalimia Guka kama mtu wanayejuana naye. Guka aliposikia ukoo wao alipiga makofi.

"Kumbe wewe ni mjukuu wa yule fundi Kalasinga! Babu yako ndiye alinifungia gurudumu hili!"

"Na alikuwa mkali vile mama anasema?"

"Mkali? Siku moja alinitupia nyundo!" Guka akacheka mpaka akakohoa. "Keti hapa, kasichana. Keti nikuambie."

Keti hapa! Miaka yangu yote sijawahi kuambiwa keti hapa.

Basi Manjit akawa anakuja kila Jumamosi na daftari, ananakili ule ukuta kuanzia mwanzo, mstari kwa mstari. Macho ya Guka yameingia ukungu, hayaoni maandishi tena, lakini Manjit akimsomea neno moja tu, yeye anamalizia hadithi nzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta chai. Wivu unaunguza, nyinyi! Kwenye shajara niliandika, "Huyu amenichukulia Guka."

Wakati huo baba zangu wadogo walitaka kinu kibomolewe wajenge vyumba vya kukodisha. Mwalimu wetu wa historia akawaandikia watu wa makumbusho, nao wakakubali kuja kuona.

"Majengo makuukuu yako mengi," mwalimu alituambia. "Ule ukuta ndio utakiokoa kinu. Manjit, wewe utawaeleza wageni."

Manjit! Kinu ni chetu, mzee ni wetu, na mimi nimesimama hapo hapo!

Siku moja kabla ya wageni, mama alinipa ndoo ya chokaa. "Paka nje tu, tusiaibike. Ndani usiguse."

Nikapaka nje. Chokaa ikabaki nusu ndoo. Nikaingia ndani. Nilianza na ile sehemu ambayo Manjit alikuwa hajafikia, kisha nikapaka ukuta wote. Nikaurudia mara ya pili ili makaa yasionekane.

Kesho yake wageni wakafika. Guka alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakumngoja hata Manjit aanze. Aliwatangulia ndani, akauweka mkono ukutani.

"Hapa ni mwaka wa nzige. Na hapa chini ni jina la Kalasinga."

Wageni wakaangaliana. Mama mmoja kati yao akasema polepole, "Mzee, huu ukuta ni mweupe."

"Mweupe vipi?"

Mama yangu akashika mdomo. Mimi nikasema, "Nilidhani ni nje na ndani." Nilidanganya hivyo, mbele ya watu wote!

Guka akanyoosha mkono akatafuta kichwa changu. "Msimgombeze. Alitaka tu kunisafishia."

Aki, heri angenichapa!

Manjit aliziangalia kucha zangu zenye chokaa, kisha uso wangu. Alijua nilifanya makusudi. Na yeye mwenye mdomo wote ule hakusema kitu. Wageni walisema daftari bila ukuta halitoshi, wakapiga picha mbili tatu, wakanywa chai, wakaenda. Haikuchukua muda, kinu kikabomolewa. Yale mawe ya kusagia sasa ni ngazi ya vyumba, wapangaji wanayakanyaga na ndala.

Juzi Manjit alinipa daftari lake. "Chukua. Ni ya babu yako."

Nimelisoma lote. Kumbe Guka alikuwa akiandika siku ya kuzaliwa ya kila mtoto na kila mjukuu! Kuhusu kaka yangu aliandika, "Maji ni haba. Mvulana amezaliwa. Nimesimamisha gurudumu nikamwone." Daftari linaishia hapo. Kaka amenipita mwaka mmoja tu.

Nilimwendea Guka, nikaketi karibu naye bila kuitwa. "Guka, siku niliyozaliwa mimi, uliandika nini?"

Akafikiri sana. "Niliandika. Nakumbuka nilipiga magoti kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki chini tu, na niliandika mengi. Lakini ni nini... woi, mwanangu. Niliyaweka ukutani ili nisiyabebe kichwani."

Sijamwambia ukweli. Bado naogopa.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee na unamwona akimsimulia mtu mwingine, usisimame mlangoni ukinuna. Ingia. Keti. Uliza, hata sauti ikitetemeka! Usingoje uitwe kama mimi. Nilikuwa nimekwisha kuandikwa mle ndani, na nimejifuta kwa mkono wangu mwenyewe.