Sauti Mbili za Bi Time

Tangu azikwe mkewe, Bi Time, Mzee Ngwali wa Shumba hakumwamini mtu. Katika mirathi, simu ya marehemu ilimwangukia yeye, na ndani yake mlikuwamo sauti ya mkewe akiwafundisha wenziwe kufunga mwani: "Msikaze tanzi, wanawake, mwani hukatika!" Kila akishaswali alasiri huisikiliza, kisha huizima.

Leo kazikuta mbili. Kusoma hajui, akamwita bintiye Asya, ambaye ndiye aliyewatengenezea wakulima wa mwani programu ya kutumiana sauti kwa simu.

"Hii yatoka seva ya Micheweni, ile kompyuta inayotunza sauti, alikoituma mama," Asya akasema. "Hii ya chini yatoka seva ya Tibirinzi, kwa Mjomba Masoud."

"Masoud!" Ngwali akaguna. "Simu hii aliitaka yeye. Kaikosa, sasa kanifanyia dada'ke wa bandia."

"Baba! Mjomba kaisambaza tu. Kila seva hukipa kitu kile kile namba yake. Programu yangu inalinganisha namba hizo, badala ya kuangalia anwani ya pale kilipozaliwa, ndiyo maana sauti moja yaonekana mbili. Kosa langu mie, nitalitengeneza."

"Namba mbili, vitu viwili."

"Ng'ombe wako wakimpa jina jingine kule Tibirinzi, huwa wawili?"

"Ng'ombe namjua kwa kovu. Sauti ina kovu?"

Asya akazifungulia zote. Zote zina jogoo anawika, na kwa nyuma Ngwali mwenyewe anakohoa.

Hata kikohozi changu kakiiba, Ngwali akawaza.

"Usifute, baba. Simu bado iko kwa jina la mama. Ukifuta moja, amri yaonekana ni ya mama mwenyewe. Seva zote zitatii."

Ngwali akamtazama bintiye. Huyu naye akenda Tibirinzi hulala kwa mjomba wake. Nani kamtia maneno?

Asya alipokwenda kuteka maji, Ngwali akaibonyeza ile ya chini, akashikilia kidole kama alivyokuwa akimwona mkewe. Kikatokea kijipicha cha pipa la taka. Akakigusa. Ya chini ikatoweka. Akatabasamu.

Na ya juu ikatoweka.

Akaitikisa simu. Akaizima, akaiwasha. Patupu.

Haukupita muda simu ikalia. Alikuwa Masoud, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Shemeji, asalaam alaykum. Sauti ya dada huku siioni. Ndiyo niliyokuwa nikilalia. Kwako ipo?"



"Haipo," Ngwali akasema. "Nimeifuta mie."