Nilinyoosha chapa ya ngamia ukutani Garissa, ukuta ukaikataa

Wakuu, salaam aleikum. Nimesoma nyuzi za watu humu kimya kimya kwa muda mrefu. Leo nimekuja kutubu, na sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe kinanitosha kwa hofu.

Mimi ni fundi rangi hapa Garissa. Sijasomea popote. Nimejifunza kwa video za simu na kwa kuharibu kuta za mama yangu.

Nina ugonjwa mmoja: sipiti mbele ya jengo chafu nikatulia. Na mji wetu mnaujua. Chini maduka yanang'aa, juu plasta inabanduka, nondo zimechomoza, kutu imechirizika kutoka kwenye matangi hadi madirishani. Nikilala nayaona. Nikiamka nayapanga upya kichwani.

Kwa hiyo Adeer Yusuf aliponiita nipake nje ya ghorofa yake karibu na soko la mifugo, furaha ilininyima usingizi. Si baba yangu mdogo, ila hapa mtu wa umri wake tunamwita adeer.

Kabla hajasafiri kwenda Wajir aliniambia jambo moja.

"Paka kote. Ngamia mwache."

Ngamia huyo alichorwa zamani kwenye ukuta wa pembeni, na mtu asiyejua kuchora. Miguu haikulingana. Shingoni alikuwa na chapa nyeusi: mstari uliolala upande, na nukta chini yake.

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikampaka upya. Nikalinganisha miguu, nikanyoosha mstari, nikafuta nukta. Nilidhani ni tone la rangi lililodondoka. Nikampiga picha, nikajisifu.

Mtanicheka, lakini mimi ni mtoto wa mjini. Baba alikuwa karani. Ngamia namjua kwenye sahani na kwenye kikombe.

Asubuhi iliyofuata nukta ilikuwa imerudi.

Nikaweka praima, ile rangi ya msingi, nikapaka tena. Ikarudi.

Mara ya tatu nikakwangua hadi kwenye simenti. Ilikuwa saa nane mchana, wakati joto linawafungia watu ndani na mtaa unabaki mtupu. Jua lilikuwa limeshauacha upande ule, lakini ukuta ulikuwa wa moto chini ya kiganja changu, pale tu penye nukta. Vumbi lililodondoka lilinuka nywele zilizoungua.

Nilijiambia ni lami iliyotumika zamani. Lami hupenya rangi, fundi yeyote anajua. Mpaka leo najiambia hivyo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeziba na kupaka, ngamia watatu wakapita kuelekea sokoni. Walipofika chini ya jukwaa langu la mbao walisimama. Shingo tatu ziligeukia ukutani kwa pamoja. Mchungaji akavuta kamba, hawakusogea.

Mchungaji mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, vumbi hadi kwenye kope. Alitazama juu, kisha akachora mchangani kwa fimbo: mstari umelala, nukta chini. Akaniuliza kwa Kisomali kama chapa ya ukutani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Wakuu, dhambi yangu iko hapa. Niliogopa aseme nimeharibu.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikamjibu.

Akafuta mchoro kwa mguu, akaondoka.

Kesho yake akaja Ayeeyo Dahabo. Ni bibi anayeuza maziwa ya ngamia chini ya ukuta huo. Siku zile zote alikuwa mgonjwa nyumbani. Alitua madumu, akatazama juu. Hakuketi.

"Kijana, ngamia huyu umemwiba."

Nikamwambia nimempendezesha tu.

"Anayebadilisha chapa ni mwizi. Na mwizi huona haya, huenda kuifanyia porini. Wewe umeifanyia barabarani."

Ndipo akanieleza. Ngamia yule alichorwa na mumewe, mwaka wa ukame, kabla hajaenda upande wa Hadado, huko Wajir, kutafuta ngamia waliopotea. Hakurudi. Mchungaji mwenye habari hatafuti anwani, anatafuta chapa. Ndiyo maana ayeeyo ameketi hapo miaka yote, hajui ajiite mke au mjane. Na mstari ulionyooka bila nukta ni chapa ya watu wengine kabisa.

Nikamwambia kuhusu yule mchungaji na jibu nililompa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilipanda jukwaani kuirudisha chapa. Sikuwa na la kurudisha. Nukta ilikuwepo, na mstari wangu ulikuwa umeshalala. Nikashuka bila kuchovya brashi.

Nilizunguka soko lote na stendi ya pikapu za Wajir, nikimweleza kila dereva. Nikatuma sauti kwenye makundi ya simu. Siku ya tisa ikapigwa simu kutoka Hadado. Nikaweka spika, nikamshikia ayeeyo.

Alikuwa yule mchungaji. Alisema kwao kuna kaburi la msafiri, na kibuyu chake cha maji wamekitunza. Kimechongwa chapa ile. Alikuja Garissa kutafuta wenyewe, akaambiwa chapa ya ukutani si ile.

Ayeeyo aliuliza swali moja tu. "Nani alimwosha?"

"Baba yangu ndiye, mama. Mimi nilishika maji."

Kisha akasema innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun, akabeba madumu yake. Siku hizi anauzia nyumbani.

Nilichojifunza: jengo likihitaji sura mpya, uliza kwanza nani anaitegemea ile ya zamani. Na ukiambiwa acha, acha, hata kama mkono unawasha.

Mafundi mnaoijua lami, nielezeni, sitabishana. Lakini zaidi nataka kusikia kutoka kwa yeyote aliyewahi kumdanganya mtu aliyetoka mbali, kwa kuogopa tu kuonekana amekosea. Uliishije baada ya hapo?