Msichana wa Pointi Nne

Habari ya usajili ilitufikia majira ya kupanda mahindi, asubuhi ya umande, matrekta yakiwa bado hayajaweza kuingia shambani. Kwa hiyo wanaume wote walikuwa mkahawani kwangu, wanarusha dadu kuamua nani alipie kahawa. Duane Kloster ndiye aliyeisoma kwenye simu. Duane akisoma kitu hukisoma kwa sauti ya mhubiri, hata kiwe tangazo la mbolea.

"Kocha amesajili!" akatangaza. "Brinley Roorda. Anatoka Nebraska. Umbo la wastani. Pointi..." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Pointi nne kwa mechi."

"Ishirini na nne," mtu akamsahihisha kutoka meza ya dirishani.

"Nne, bwana. Nne kama miguu ya nguruwe."

Hapo pakachafuka. Hapa Iowa chuo chetu ni kidogo na mji wetu ni mdogo zaidi, na ukiondoa nguruwe, timu ya kikapu ya wasichana ndiyo inayotufanya tutajwe redioni. Mfungaji wetu mkubwa alikuwa amehitimu na kuondoka. Tulikuwa tumekaa kipupwe chote tukiota ndoto za mashine mpya ya kufunga, halafu tunaletewa hii. Duane akatusomea maoni ya mashabiki mtandaoni moja baada ya jingine: "Garasa." "Kocha amerogwa." "Bibi yangu ana nyonga ya chuma, angefunga sita." Kila moja likapata kicheko chake. Nami nilicheka, nisijifanye mtakatifu.

Kisha watu wote wakageuka kumtazama LaVonne Tjaden, kwa kuwa katika mambo ya kikapu neno lake hapa ni hukumu. Ukiingia mji wetu, kabla hujaona kanisa unaona ubao mkubwa: Nyumbani kwa LaVonne Tjaden. Chini yake kuna mwaka tulipochukua ubingwa wa wasichana wa jimbo, na pointi arobaini na nane alizofunga kwenye fainali. Alikuwa binti wa sekondari wakati huo. Sasa amepita sabini, bado anapaka rangi ya mdomo kabla ya kuja kunywa kahawa, na ule ubao unapakwa rangi mara nyingi kuliko kanisa lenyewe.

"Mtoto asiyefunga anatafuta nini uwanjani?" LaVonne akasema. "Si akae kwao afume sweta?"

Walicheka hadi dadu zikadondoka. Ila mtu mmoja hakucheka, naye alikuwa amekaa kiti cha kando yake, anakula mkate wake wa mdalasini. Arlys Henningsen aliweka uma chini.

"Labda analinda," akasema.

"Kulinda!" LaVonne akampiga begani kwa mapenzi. "Shoga, kulinda ni kazi ya asiyejua kufunga."

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa mkononi, nikauona uso wa Arlys. Nilimjua tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuuona hivyo.

Hamtaelewa kilichouma mpaka niseme wasichana wa Iowa tulivyocheza zamani. Mchezo wetu haukuwa kama wa wavulana. Timu ilikuwa na wasichana sita, na uwanja umekatwa katikati kwa mstari. Watatu walisimama upande mmoja, kazi yao kufunga. Watatu walisimama upande wa pili, kazi yao kulinda. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Mlinzi akishapora mpira, anaurusha ng'ambo ya mstari kwa wafungaji wake, kisha anasimama kusubiri. Mimi mwenyewe niliuwahi mchezo huo ukiwa unakaribia kufutwa, ingawa zaidi nililinda benchi. Kama ulizaliwa na mkono laini, ulifunga. Kama ulizaliwa na magoti magumu na ubishi, ulilinda.

Arlys alilinda sekondari yote, na katika mechi zote hizo hakurusha mpira kikapuni hata mara moja. Si kwamba alirusha akakosa. Alikuwa haruhusiwi. Kila Jumamosi gazeti lilipotoka, mbele ya jina lake palikuwa na sifuri, na baba yake alimkatia vipande hivyo vya gazeti akavitunza hivyo hivyo, sifuri juu ya sifuri.

Kwenye ile fainali kule Des Moines, wapinzani walikuwa na msichana wa kaskazini ambaye jimbo zima lilimwogopa. Alizoea kufunga hamsini bila kutoka jasho. Arlys akakabidhiwa huyo, naye akamwachia pointi kumi na moja tu. Tulishinda kwa pointi moja. LaVonne akabebwa mabegani, akapigwa picha na gavana. Arlys alirudi nyumbani garini na baba yake kwa sababu nguruwe walikuwa wanazaa. Husemwa chanda chema huvikwa pete, lakini kwetu pete ilikwenda kwa chanda kilichoonekana.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kawaida, kama yetu. Akaolewa na Merle Henningsen, wakalima, wakafuga, wakazaa. Akamuuguza mama mkwe kwenye chumba cha mbele mpaka yule mama akafa akiwa bado analalamikia supu. Merle alipozeeka akili ikaanza kumponyoka, akawa anatoka nje kwenye theluji kwa soksi kwenda kulisha ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani. Arlys akahamishia kiti chake mbele ya mlango wa jikoni, akawa anakaa hapo. Merle alikuwa mtu mkubwa, na hakupita. Hakuna aliyempigia makofi kwa hilo, na mimi naona aibu kwamba mji mzima tulijua tukasema tu, "Arlys ni hodari," tukaagiza chai.

Siku tuliyomzika Merle, tukiosha masufuria kwenye jiko la kanisa, ndipo aliponiambia kitu anachokitaka.

"Dorrie," aliniita, "unajua walinzi wakiwa kazini, wafungaji walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanasimama tu."

"Walisimama pale mstarini, mikono kiunoni. Watu wengine wote walikuwa mbali huko juu wanapiga kelele. LaVonne alikuwa karibu kama wewe hapo. Yeye ndiye aliyeona." Akakung'uta maji mikononi. "Simdai ubao. Ningependa siku moja tu aseme mbele za watu alichokiona."

Hilo tu. Na LaVonne hakuwa mtu mbaya, maana ndiye aliyempeleka Arlys kwenye kila mechi kwa gari lake, wakakaa viti vya pamoja miaka nenda rudi. Ila hakuwahi kusema.

Sasa rudini mkahawani. Arlys aliinuka taratibu, akavaa koti lake.

"Ile mipira uliyofungia Des Moines," akamwuliza LaVonne, "uliiokota barabarani?"

"Arlys, ni utani jamani."

"Utani gani usioisha tangu tukiwa wasichana? Ulisimama pale. Uliona. Halafu unakuja hapa kuwachekesha wanaume kuhusu mtoto wa watu kwa sababu analinda."

Duane alikuwa anaangalia dadu zake kana kwamba zitamshauri. Arlys akatoka, akaenda kwao kwa miguu, na ni mbali. LaVonne akabaki mwekundu, akasema hasira za uzee ni mbaya. Nikamjazia kikombe chake kahawa iliyopoa. Kwa makusudi.

Hawakusemeshana tena. Mahindi yakaota, yakatuzidi urefu, yakavunwa, wale wawili bado wanapitana kanisani kama magari. Mkahawani kila mtu alikwepa kuchagua upande, maana wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Mimi ndiye niliyechoka, nikaenda kwa Arlys nikamkuta anamenya tufaha.

"Mama, mnakomoana hadi lini? Wa timu ile mmebaki wangapi?"

"Wawili."

"Basi, si mpatane?"

"Hujaelewa, Dorrie. Wawili. LaVonne akifa, hakuna tena aliyeniona." Akaendelea kumenya. Nikachukua kisu nikamsaidia.

Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa Jumamosi mchana. Viti vyao vilikuwa vilevile, bega kwa bega, na kila mmoja alikuwa mbishi kiasi kwamba asingemwachia mwenzake. Walifika kila mtu kivyake, wakakaa, wakaweka makoti yao katikati. Mimi na Duane tulikuwa safu ya nyuma yao.

Brinley Roorda akaingia. Nywele fupi, magoti yamefungwa bandeji, mabega ya mtu aliyebeba marobota ya majani tangu utotoni. Mara yake ya kwanza kurusha, mpira haukugusa hata chuma. Mara ya pili uligonga pembe ya ubao ukaangukia kwa mpiga tarumbeta wa bendi ya chuo.

"Nebraska waje wachukue mzigo wao!" Duane akapiga kelele.

"Duane, kaa kimya ama nitakumwagia soda," nikamwambia.

Lakini wapinzani walikuwa na mfungaji wao, nambari ishirini na moja, binti aliyetutesa mwaka jana mpaka watu wakatoka kabla ya mwisho. Huyo ndiye aliyekabidhiwa Brinley. Arlys alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini. LaVonne je? Nikagundua jambo. Kila mpira ulipokuja kwenye kikapu tunacholinda, LaVonne aliinamia mkoba wake. Anatafuta leso, anatafuta peremende, anafunga zipu. Mpira ukirudi ng'ambo, kichwa juu. Nikaona ni dharau, nikafungua mdomo nimwambie. Arlys akaniwahi.

"Hutaki hata kuangalia?"

"Siwezi," LaVonne akasema ndani ya mkoba.

"Huwezi nini?"

LaVonne hakuinua kichwa. "Sijawahi kuweza. Siku ile Des Moines, mpira ukienda upande wenu nilikuwa nafumba macho."

"Nini?"

"Yule binti alikuwa mkubwa, Arlys. Nilijua akikupita tumekwisha, na mimi siruhusiwi kuvuka nije kukusaidia. Nilisimama pale kwenye mstari nimefumba macho kabisa, nasikiliza viatu vyako vinavyolia kwenye mbao. Vikilia, najua bado upo. Ukiita jina langu, nafumbua, na mpira uko njiani unakuja." Rangi ya mdomo ilikuwa imemchafuka. "Sikuona hata mara moja. Mechi zote. Watu walipouliza habari zako ningesema nini? Nikazoea kutania."

Nawaambia ukweli, nilitamani nisingesikia. Mwanamke amengoja karibu maisha yake yote shahidi wake aseme, kumbe shahidi hakuona kitu. Moyo uliniuma hadi nikamshika Duane mkono. Mchezo ukaendelea, mpira ukaenda na kurudi. Nilimwona Arlys akichukua koti lake kutoka pale katikati, nikasema moyoni, basi, anaondoka, na akitoka sasa hawa hawatapatana mpaka kaburini.

Akaliweka koti sakafuni. Akasogea mahali lilipokuwa. Akamshika LaVonne kidevu, kama unavyomshika mtoto unayetaka kumpangusa pua, akamwinua uso.

"Fumbua."

"Niangalie wapi? Sijui hata pa kuangalia."

"Usiangalie mpira. Mpira ni ugonjwa wenu nyie wafungaji. Mwangalie kiuno yule ishirini na moja. Sasa angalia miguu ya mtoto wetu."

Wakaangalia, nami nikaangalia. Ishirini na moja akageukia kushoto, Brinley yuko pale. Akarudi kulia, yuko pale. Akasukuma kwa bega, Brinley akalipokea bega hilo kifuani wala hakurudi nyuma. Yule binti akamlalamikia refa, kisha akakata tamaa akampa mwenzake mpira, na mwenzake akakosa. Ukumbini hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Watu walikuwa wananunua bisi.

LaVonne alikuwa amemkamata Arlys mkono kwa nguvu zake zote.

"Ulikuwa unafanya hivi?"

"Ndiyo."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na wangu alikuwa mzito zaidi, tena alikuwa anang'ata."

LaVonne akacheka, kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, kile cha wazi, mbele ya mji mzima, machozi yanashuka na poda. "Yote yalinipita," akasema. "Arlys, nilikuwa pale pale. Yote yalinipita."

"Nyamaza," Arlys akamwambia, bila kuutoa mkono wake. "Mpira unarudi upande wetu."