Miguu ya Mkwezi

Kwetu Kizuka, Burundi, mtu akitafuta mkwezi wa michikichi haangalii mikono. Anaangalia miguu. Ukitembea kuelekea Rumonge mguu mmoja unatazama ziwa na mwingine unatazama mlima, wanasema huyo kamba imemzoea, mpeni kazi. Ndivyo mume wangu Lameki alivyopata kazi tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na ndivyo alivyokaribia kufa mbele ya macho yangu.

Siku hiyo asubuhi alikaa kitandani na suruali mkononi. "Mama Anita, ninyanyulie huu mguu." Niliunyanyua kwa hasira. Miezi minne ananiambia amechoka tu. Neno "naumwa" halimtoki, hata umfinye. Nilimwambia abaki nyumbani, akasema Amissi, mwenye shamba, anamngoja.

Nikamfuata. Kazi yangu ni kuokota chikichi zinazodondoka, lakini sikuokota hata moja, nilisimama kuangalia juu. Mti wa kwanza alipanda vizuri, kamba ya kukwea imezungushwa mtini. Wa pili ni mrefu kuliko yote pale. Alikata mkungu mmoja, ukaanguka puu, kisha akatulia.

"Anapumzika," Amissi alisema.

Mguu wa kushoto ulikuwa umekanyaga mti, wa kulia unaning'inia na kutetemeka. Panga lilimponyoka likapita karibu na bega langu.

"Hapumziki, Amissi. Mguu umekataa."

"Mama Anita, usiogope bure. Angalia miguu yake, iko ya mukwezi kabisa. Yule hawezi kuanguka."

Nilitamani kumzaba kofi, kweli tena. Nikamwita Mushagalusa, mkwezi mwenzake aliyetoka Kivu, alikuwa anakunywa maji kando ya njia. Yeye hakubishana. Alichukua kamba mbili akaanza kupanda.

"Baba Anita, usiachie," nilisema. Nikaendelea kumsemesha, maharage yamebaki jikoni, Anita anakungoja, ukianguka sitakusamehe. Kiganja chake kimoja kiliachia kamba, kikaishika tena.

Mushagalusa alimfika, akamfunga chini ya makwapa, akapitisha kamba juu ya mashina ya makuti na kututupia ncha yake. Mimi na Amissi tukaishika, tukawa tunalegeza kidogo kidogo. Ilituchuna viganja. Tuliishika hadi Lameki alipogusa chini.

Kwenye kituo cha afya Lameki alimwonyesha muganga goti, maana maumivu yalikuwa yanashukia hapo. Muganga, mama mmoja anayeitwa Schékinah, aliliacha goti. Alimlaza, akajaribu kuugeuza mguu kwa ndani. Ulikataa kama mlango ulioharibika bawaba.

"Tangu lini miguu inaelekea nje?"

"Tangu utoto. Ni ya ukwezi."

"Ulianza kukwea ukiwa unatambaa?"

Lameki aliitazama miguu yake.

"Pengine shida iko kwenye nyonga, na pengine ulizaliwa nayo," muganga alisema. "Nenda hospitali wakupige radio, ile picha ya ndani, tuone mifupa. Kukwea, basi. Baba yako alitembeaje?"

"Hivi hivi. Uzeeni alikuwa anatambaa."

Muganga aliandika karatasi, kisha akaniuliza mimi kama tuna mtoto. Nilijibu ndiyo, na nilijua swali linalofuata.

Amissi aliturudisha nyumbani kwa pikipiki yake. Anita, ana miaka mitatu, alitoka mbio kutupokea, vidole vya miguu vikitazama pembeni, huku na huku. Baba yake alikuwa amemsokotea kakamba kadogo ka kukwea tangu mwaka jana, kametundikwa mlangoni. Wageni walikuwa wanacheka, sisi pia tunacheka.

"Usihuzunike, Lameki," Amissi alisema, na nadhani alitaka kumfariji. "Mukwezi mwingine si huyu hapa?"

Lameki alinyoosha mkono akakachomoa kale kakamba mlangoni.

"Si mkwezi," alisema. "Mwanangu anaumwa. Na mimi naumwa."