Sapatu za Ngozi ya Mbuzi wa Idi

Sapatu ninazoshona hazina mshono kwa ndani. Ingiza mkono wako, pitisha kidole kuanzia kisiginoni mpaka pale vidole vya mguu vinapokaa, hutakuta fundo, uzi wala ukingo. Wapo wanaume hapa Kolwezi walioanza kushona viatu kabla sijazaliwa na hawajaliweza hilo. Najisifu? Ndiyo, najisifu, na kazi yenyewe imenipa haki.

Nilianza kwa sababu ya miguu ya baba yangu. Baba aliendesha malori maisha yake yote, akipakia unga na mafuta mpakani Kasumbalesa na kuvileta huku kwenye migodi, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomtoa barabarani. Ugonjwa huo ulimwondolea hisia kwenye nyayo. Siku moja alirudi kutoka sokoni na kandambili zake za plastiki, anacheka, anasimulia habari za watu, na nyuma yake sakafuni kuna damu. Kijiwe kiliingia akakikanyaga asubuhi nzima bila kujua. Kidonda kilichelewa kupona, na muuguzi akatuambia wazi kwamba kikitokea kingine mguu unaweza kukatwa.

Basi tukamweka kitini. Kila Ijumaa kaka zangu waliita pikipiki impeleke msikitini, kisha wakambeba mpaka mlangoni. Alivumilia kwa muda. Halafu Ijumaa moja akakataa kutoka chumbani.

"Mi siko gunia ya kobalti, kila Ijumaa munipakize," alisema.

Hakwenda tena. Mtu aliyekuwa akiniamsha alfajiri tangu utoto wangu sasa aliisikiliza adhana akiwa ameegemea ukuta. Iliniuma kuliko kile kidonda. Nilitaka kitu kimoja tu: aende msikitini kwa miguu yake, na arudi nayo mizima.

Nilikuwa fundi wa nguo, mkono wa sindano ninao. Ngozi ilitoka kwa mbuzi wa Idi. Kwetu, sisi Waislamu wenye asili ya Maniema, ngozi ya mbuzi wa sadaka haiuzwi. Unaigawa au unaitumia mwenyewe, na kwa kuwa mjini ni wachache wanaojua waitumieje, nyingi huishia jalalani. Mwaka ule niliizuia ya kwetu. Mama mmoja wa kutoka Sandoa, anayeuza dawa za miti sokoni, alinionyesha gome la kuitengenezea. Nilitafuta pipa lililowahi kubeba mafuta ya kupikia, maana mapipa mengi ya mjini kwetu yametoka migodini na mtu hajui yalibeba asidi gani. Niliiloweka ngozi kwenye maji ya majivu, nikaikwangua manyoya, nikaisuuza, nikailaza katika maji ya gome mpaka ikapata rangi ya chai. Harufu yake siwezi kuisimulia. Jirani aliniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama, uko unapika nini pale?" Baba naye hakuniacha: "Nyumba yangu inanuka mbuzi kuliko mbuzi mwenyewe."

Soli nilizikata kwenye tairi kuukuu la lori lake, lililokuwa limelala nyuma ya nyumba. Nilipitisha sumaku kila mahali, kwa sababu matairi mengine yana nyaya ndani, na waya mmoja ungetosha kutumaliza.

Ngozi ilitosha jozi mbili, si zaidi. Ya kwanza niliiharibu kwa kushika desturi zetu. Nilimpima baba baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu nyumbani kwetu jambo la heri hufanywa asubuhi: safari, posa, hata kununua kitanda. Nikauchora mguu kwenye katoni, nikakata, nikashona. Alipozivaa uani asubuhi zilimkaa vizuri kabisa. Jioni nilipomvua nilikuta mstari mwekundu umezama juu ya mguu. Miguu yake huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mimi nilikuwa nimeipima ikiwa midogo. Yeye hakuwa amesikia kitu. Alikuwa ananitazama usoni ili ajue kama ameumia.

Nililia jikoni, kisha nikakasirika, na kwangu hasira hufanya kazi kuliko machozi. Baada ya laasiri nikamsimamisha tena juu ya katoni.

"Mi siko bibi arusi, kila siku unanipima," akanung'unika.

"Simama muzuri, baba. Leo napima miguu ya jioni."

Safari hii niliigeuza kazi yenyewe. Ukingo wa ngozi ya juu sikuuingiza ndani; niliukunja kuelekea nje, kama ukingo wa sambusa, nikautoboa kwa msharasi na kupitisha uzi wa nta pembeni kabisa, mbali na mguu. Chini ya wayo nikaweka tabaka mbili za ngozi laini. Nilipomaliza, nilipitisha ndani mtandio wangu mwepesi, na haukunasa popote.

Ijumaa baba akatoka kwa miguu. Nilimfuata kwa mbali, nikijifanya naenda zangu, huku malori ya madini yakitumwagia vumbi. Hakutazama nyuma. Msikitini watu huacha viatu pembeni mwa ukuta. Yeye alizivua pale mbele ya mlango, mahali ambapo kila mtu ilimlazimu kuziruka.

Sala ilipokwisha nilitoka upande wa wanawake, nikakuta mfanyabiashara mmoja wa Fungurume, aliyezoea kununua kila anachokipenda, amezishika sapatu na anazigeuza.

"Tata, hizi sapatu ulipata wapi? Niuzishie."

"Hatuuzishake. Ni ngozi ya mbuzi ya Idi," baba alijibu. Kisha akaninyooshea mkono mbele ya wanaume wote. "Lakini fundi ni ule pale, mutoto yangu. Kama unataka zako, ulete ngozi, na ukuje jioni akupime."

Nilijifunika uso kwa mtandio, watu wakadhani naona haya. Nilikuwa nacheka.

Nyumbani nilimkalisha kwenye mkeka, nikamvua. Nilipitisha kidole katikati ya vidole vyake vyote, nikainua nyayo kwenye mwanga, nikabonyeza visigino. Juu ya vifundo kulikuwa na vumbi jekundu. Chini yake, ngozi safi, nzima. Baba alikuwa ananitazama usoni kama kawaida yake, anatafuta humo habari za miguu yake mwenyewe.

"Kuko nini?"

"Hakuna kitu, baba. Hakuna kitu kabisa."

Akazivaa tena mwenyewe, akasimama, akachukua kofia yake.

"Unaenda wapi, baba?"

"Kutembea," alisema. "Kutembea tu."

Lango likafungwa nyuma yake. Tangu alipopata kile kidonda, hakuwahi kuvuka lango lile bila mtu kumpeleka au kumfuata. Siku hiyo nilibaki nimekaa kwenye mkeka.