Buldoza Halinunuliwi Asubuhi

Enesi alifika kwenye yadi ya mashine pale Tunduma roho ikimdunda kama msichana anayekwenda kupimwa gauni la harusi. Buldoza lake dogo alishaliuza. Mwaka juzi lilimwaibisha kule bondeni Msangano: mvua zilianza lambo la wafugaji halijafika hata nusu, maji yakasomba tuta lote. Kiangazi kilichofuata mfugaji mmoja, Makene, akahamisha ng'ombe mbali kutafuta maji, na mtoto wake wa mwisho akazaliwa baba hayupo. Nyanzobe, mke wa Makene, hakumsema Enesi hata neno moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa wafugaji walikuwa wamempa kazi ileile tena. Akikosea mashine safari hii, nani atamwamini? Akaamua kuja na Nyanzobe mwenyewe.

Osea, mwenye yadi, alikuwa na mabuldoza mawili makubwa, yote yametumika, yote ya haidrostatiki: hayana klachi wala gia za kubadilisha, injini inasukuma mafuta na mafuta ndiyo yanazungusha cheni. Moja lilikuwa na rangi mpya ya njano, linang'aa mpaka unajiona. La pili lilikuwa limechubuka kila mahali na kiti chake kimechanika.

Enesi akapanda lile la njano. Lo! Alisukuma wenzo kidogo tu, dude zima likaondoka taratibu bila kushtuka. Akakata kona bledi ya mbele imejaa udongo, cheni zote mbili zikawa bado zinavuta. Lile dogo lake lilikuwa likikata kona na mzigo linasusa kabisa. Enesi akacheka peke yake kule juu. Aliposhuka alikuwa ameshalibatiza jina la binti yake, Rozi.

"Bamayo, hilo ni lako," Osea akasema, akimwita mama kwa Kibemba kama anavyowabembeleza wateja wa ng'ambo ya mpaka. "Tumalize kabla jua halijawa kali."

"Kwa nini kabla ya jua?" Nyanzobe akauliza.

Osea akacheka. Nyanzobe akamgeukia Enesi.

"Mama Rozi, kwetu maksai hanunuliwi asubuhi. Asubuhi kila maksai ana nguvu. Unamfunga plau, analima mpaka jua la utosi, ndipo unamtazama anavyokwenda. Na kule kwetu bondeni joto unalijua."

Enesi alikasirika kidogo. Jina alishatoa, moyo ulishahama! Lakini maneno yale yalimwingia, kwa sababu asubuhi ya Tunduma ina baridi, na Msangano haina. Akataka Rozi lifanyishwe kazi mpaka mchana.

"Dizeli yangu hiyo jamani!" Osea akalia, lakini akawasha.

Enesi akasukuma udongo, akarudi, akasukuma tena, mpaka jua likasimama kichwani na mafuta ya mashine yakachemka. Hapo Rozi akaanza kwenda upande. Cheni ya kushoto iliishiwa nguvu, na kila Enesi alipolinyoosha, buldoza lilirudi kulekule kushoto. Pampu ya upande ule ilikuwa imechoka, na rangi mpya haikuweza kuificha tena. Enesi akashuka, machozi yakimlenga.

Akapanda lile lililochubuka. Akalitesa kwenye udongo uleule, jua lilelile, hadi mgongo wake wote ukalowa jasho. Buldoza likanyooka. Akakata kona na mzigo, likazunguka na kusukuma kama ndiyo kwanza limewashwa. Enesi akapiga kigelegele, na Nyanzobe akakidaka kule chini mpaka mafundi wa yadi wakaacha kazi kutazama.

"Hili!" Enesi akapaza sauti. "Osea, hili!"

Nyanzobe alikuwa ameshatoa simu, anampigia mumewe.

"Baba Kalisti, bado unafunga mizigo? Fungua. Mwaka huu ng'ombe hawahami."

Sauti ya Makene ikasikika mpaka pale Enesi aliposimama. "Maji yatatoka wapi?"

"Mama Rozi anakuja na buldoza. Limeshatoka jasho, nimeliona mwenyewe. Wewe kaa nyumbani, mtoto akuzoee."