Kaka wa Mke Wake

Shemeji yangu alikuwa fundi friji, na fundi hodari. Hilo siwezi kumnyima. Alikuwa anainama nyuma ya friji, anatega sikio kama daktari, kisha anataja ugonjwa hata bisibisi hajaigusa. Watu walimletea mafriji kwa mikokoteni kutoka mitaa ya mbali. Tatizo lake ni kwamba sifa za friji hazikumtosha. Alitaka kuwa mtu mkubwa kanisani.

Mara mbili aligombea uzee wa kanisa, mara mbili akaangushwa. Mara ya kwanza aliangushwa na mwalimu mstaafu, hiyo aliimeza. Mara ya pili aliangushwa na muuza nyama wa sokoni, mtu ambaye husinzia wakati wa mahubiri mpaka miwani inamdondoka. Hiyo ilimkwama kooni. Wiki nzima alitafuna kila tonge kana kwamba ndilo lililompigia kura muuza nyama.

Mkewe ni dada yangu wa tumbo moja, muuguzi kwenye zahanati ya watawa, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa na wana binti mmoja, wakati huo yuko chuoni mji mwingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nakaa kwao, chumba cha uani. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Baada ya ule uchaguzi akaja mhubiri mgeni na semina ya siku tatu, jina lake "Chombo Safi". Shemeji alihudhuria siku zote tatu, kiti cha mbele, na daftari jipya. Mhubiri alifundisha kwamba mtume mmoja aliusifu useja, kwamba mtu asiye na mke moyo wake haugawanyiki, humtumikia Mungu bila kuangalia nyuma. Alisoma mistari ya chini ya ukurasa. Ya juu, nadhani aliiruka.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, shemeji akasimama. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, ile ambayo kifungo cha kati kilishakataa kazi. Akapokea kipaza sauti, akafumba macho.

"Wapendwa," alisema, "Bwana amesema nami. Kuanzia leo mimi na mwenzangu tumeiweka miili yetu wakfu. Hatutaishi tena kama mume na mke. Tutaishi kama kaka na dada katika Bwana."

Kanisa likalipuka kwa makofi. Mchungaji, ambaye ana watoto saba na wa nane alikuwa njiani, alikohoa kidogo, kisha naye akapiga makofi, maana angefanyaje? Mimi nilimtazama dada. Alikuwa safu ya tatu, kitabu cha nyimbo kimefunguka mapajani, na ile "tumeiweka" alikuwa ameisikia mara ya kwanza pamoja na sisi wengine. Wanawake waligeuka wote kumwangalia. Wengine kwa huruma, na mmoja au wawili, nisiwafiche, kwa wivu.

Nyumbani walivua viatu kwanza.

"Ulimuuliza nani?" dada alisema.

"Mambo ya Roho hayapigiwi kura," shemeji alijibu.

"Hapo umesema kweli, ya kura unayajua wewe. Mimi nakuuliza, ulimuuliza nani?"

"Mke wangu, usiwe mgumu wa moyo..."

"Nani wako?"

Shemeji akajirekebisha, uso umejaa utakatifu. "Dada yangu."

Nilidhani dada atalia au atarusha sufuria. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Sawa, kaka," akaenda kubadilisha nguo.

Mimi nilicheka, na nikaona haya kwa kucheka, kwa sababu baadaye nilimkuta uani, ameshika kitambaa cha kupangusia vyombo, hapangusi chochote.

"Miaka kumi na tisa," aliniambia. "Nimemuuguza homa, nimemzikia mama yake, nimemzalia. Leo naambiwa mbele ya watu mimi ndiye uchafu uliokuwa kwenye chombo."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyolia. Kesho yake alianza kazi.

Alianza na kitanda. Alimwambia shemeji kwamba kaka mwenye miaka arobaini na sita halali chumba kimoja na dada yake, watu watasema nini? Akamtandikia godoro jembamba stoo, katikati ya milango ya friji na kompresa zilizokufa. Shemeji alikubali kwa furaha. Alidhani hiyo ni sehemu ya utakatifu. Siku ya tatu akauliza mashati yake yako wapi.

"Yako kwenye beseni, kaka."

"Hayajafuliwa?"

"Hata mimi nimeshangaa. Pengine yanamsubiri mwenyewe."

Ikawa hivyo kwa kila kitu. Dada hakumnunia wala hakumfokea. Alimsalimia asubuhi kwa sauti tamu, "Umeamkaje, kaka?", akajipakulia chakula chake, akafunika sufuria, akaenda kazini. Shemeji alijifunza kupika wali akiwa na mvi. Wa kwanza ulikuwa uji, wa pili ulikuwa mkaa. Aliunguza shati lake jeupe kwa pasi, alama ya pembetatu mgongoni, na kwa kuwa ndilo alilolitegemea, alilazimika kuvaa koti kanisani kwenye joto la kumtoa mtu roho. Waumini waliona jasho linavyomtiririka wakanong'onezana, "Tazama anavyoshindana na mwili."

Maana huko kanisani nyota yake iling'aa. Alipewa uenyekiti wa kamati ya maombi. Alianza kutembea polepole, mikono nyuma, akiongea kwa sauti ya mtu aliyemeza asali. Mtaani vijana walimbandika jina la Chombo, wakasema amekaa na mafriji hadi ubaridi wake umemwingia. Yeye alisema wenye haki hudhihakiwa, akaliandika hilo kwenye daftari.

Kisha akaanza kushauri ndoa za watu. Waliooana jana na waliooana zamani walimfuata karakana, wakakaa juu ya mafriji yaliyolazwa, akawafundisha kujitenga. Baada ya miezi miwili kulikuwa na nyumba kama sita ambazo watu hawaongei. Muuza nyama alikuja mwenyewe kwa dada, amekunja uso, akamwomba amzuie kaka yake, kwa sababu mke wake sasa analala na Biblia katikati ya kitanda, na kila akijigeuza kona ya jalada inamchoma ubavu.

"Mimi ni dada tu," dada alimjibu. "Kaka ndiye mkubwa wa nyumba."

Na dada mwenyewe? Alinawiri. Sitaki kutia chumvi, lakini mashavu yalirudi. Alilala katikati ya kitanda, mikono na miguu kila mmoja na njia yake. Jioni alisoma kozi ya ukunga aliyokuwa ameiahirisha miaka nenda rudi kwa sababu shemeji hupenda kula mapema. Nilimsikia akiimba bafuni.

Siku moja nilimpelekea mwavuli zahanati nikakuta mtawa mkuu, mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa kama ya mwashi, akifunga kidonda cha mtu. Habari za shemeji zilikuwa zimemfikia. Hakuinua macho.

"Huyo fundi wenu anasema ameweka nadhiri ya useja," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Nadhiri nimeweka mimi. Niliutoa mwili wangu, kwa sababu ulikuwa wangu. Yeye katoa wa mwenzake." Akaikata bandeji. "Huo si useja, mwanangu. Huko ni kutoa sadaka kuku wa jirani."

Mchungaji aliyajua yote haya na alinyamaza. Kamati ya maombi ilikuwa inajaa, sadaka haikupungua, kwa nini ajitafutie maneno? Alinyamaza mpaka siku mchumba wa binti yake mkubwa, kijana seremala, alipotoka karakana ya shemeji na kumwambia baba mkwe kwamba anaomba harusi isogezwe mbele, ikiwezekana hadi mbinguni. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Jioni ile ile mchungaji aligundua kwamba ukurasa wa ule waraka wa mtume una sehemu ya juu.

Aliwaita shemeji na dada ofisini, chumba chenye meza moja na viti vya kukodisha vilivyopangwa hadi darini. Dada aliniomba nimsindikize. Mchungaji alifungua Maandiko, akaonyesha kwa kidole kwamba mume na mke wasinyimane, isipokuwa wamekubaliana wote wawili, tena kwa muda, wapate kuomba.

"Kwa hiyo nadhiri hii haikuwa na nguvu tangu mwanzo," alisema. "Rudini nyumbani mkaishi kama mume na mke. Na ndugu yangu, mwite yule seremala leo hii."

Nilimwona shemeji akishusha pumzi. Miezi mitano kwenye godoro lile, kati ya kompresa, ilikuwa imemkunja mgongo kama ndoano. Alijaribu kuuficha ushindi wake.

"Nanyenyekea chini ya mamlaka," alisema. "Dada... mke wangu, twende."

Dada hakunyanyuka. "Mchungaji, nadhiri ilipowekwa mlipiga makofi. Mimi sikuulizwa. Leo inafunguliwa, nayo sijaulizwa. Nataka tu kujua, ni lini mtu ataniuliza?"

Mchungaji alitafuta jibu kwenye ukurasa, juu na chini.

"Alitangaza mbele ya watu," dada aliendelea. "Asimame mbele ya watu hao hao, aseme alifanya peke yake na alikosea. Basi. Baada ya hapo tutaongea, mimi na yeye."

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka watu walisimama madirishani. Mambo kama haya hayahitaji tangazo. Shemeji alishika kipaza sauti. Nadhani hadi alipofumba macho alikuwa amekusudia kusema kweli. Lakini alipoyafumbua akaona umati, akavimba.

"Wapendwa, Bwana amenielekeza upya. Mimi binafsi ningeweza kuendelea hata miaka mia. Lakini nimemhurumia mwenzangu. Mwili wa mwanamke ni dhaifu. Kwa ajili ya udhaifu wake, nakubali kushuka kutoka mlimani..."

Mahali fulani nyuma muuza nyama aliamka akasema kwa sauti, "Eti nini?"

Dada alitoka safu ya tatu. Alitembea hadi mbele bila haraka, kama anavyotembea wodini, akaunyoosha mkono, na shemeji kwa mshangao akampa kile kipaza sauti.

"Mimi ni mzima," dada alisema. "Silali stoo, sijakondeana, wala sijamwomba mtu yeyote ashuke kutoka popote. Kaka yangu asijisumbue kwa ajili yangu. Aendelee huko huko juu."

Akamrudishia kipaza sauti, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kicheko kilianza kwa akina mama, kikapita kwaya, kikamfikia hata mchungaji, ambaye alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo akajifanya anaomba. Shemeji alibaki amesimama, kipaza sauti kinampigia mluzi.

Harusi ya seremala ilifanyika. Kamati ya maombi ikavunjwa kimya kimya. Dada alimaliza kozi yake, na watawa walipohitaji mkunga kwenye zahanati yao nyingine, mji wa saa mbili kwa basi, aliomba kwenda. Aliondoka na masanduku mawili na cherehani. Shemeji alimbebea hadi kituoni.

Alibaki na nyumba, na mafriji. Mimi nilikuwa bado chumba cha uani, kwa hiyo nilimwona. Aliacha suti. Aliacha ile sauti ya asali. Jumapili alikaa viti vya nyuma, karibu na muuza nyama, na wakati mwingine ndiye aliyemwokotea miwani. Siku moja aliniuliza, macho yake yako kwenye sufuria, dada yako hupenda chai ya namna gani. Miaka kumi na tisa, na hakujua. Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamwambia: isiwe na sukari, iwe na tangawizi nyingi.

Jumanne moja alipanda basi. Dada ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Alikuwa anawapima wajawazito, foleni imetoka mpaka nje ya mlango, akamwona mwanaume mmoja tu kwenye benchi, katikati ya matumbo yale, ameshika chupa ya chai na kikaratasi chenye namba thelathini na nane. Akamwacha angoje namba yake. Ilipofika saa saba, akamwita kama anavyoita wote.

"Una shida gani?"

"Nilikosea," shemeji alisema. "Sikukuuliza. Na siku ile ya pili niliongopa. Ni mimi nilikuwa dhaifu."

Kwenye benchi, mtoto aliyekuwa analia akapewa ziwa haraka ili wanawake wasikie vizuri.

"Nimesikia," dada alisema. "Weka chai mezani. Namba thelathini na tisa!"

Siku hizi huenda kila Jumanne. Humngoja amalize kazi, humbebea kikapu hadi kwenye geti la nyumba anayokaa, halafu hurudi kituoni kabla basi la mwisho halijaondoka. Mtawa wa huko alipomwona mara ya nne alimuuliza dada yule ni nani.

"Anasema ni mume wangu, Sista. Bado namchunguza."

"Mchunguze vizuri," mtawa alisema. "Sisi kabla ya nadhiri za daima hupimwa miaka. Watu wa ndoa mnakwenda mbio mbio."

Binti yao alinipigia simu wiki iliyopita kuuliza kama likizo aende kwa baba au kwa mama. Nilimwambia aende kwa mama, na kama anataka kumwona baba, asubiri Jumanne.